Kuku wa Kunikomboa

Mimi nilitekwa nikiwa bado napukutika meno ya mbele. Nilitekwa mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima ukashangilia. Usianze kunihurumia, tafadhali. Wajukuu zangu wakifika hapa kwenye hadithi hukunja nyuso, nami huwaambia wakunjue, maana hawajui wanamlilia nani.

Nilizaliwa Kigwa, ambako treni ya kutoka pwani husimama kabla ya kuingia Tabora. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mji wake pale, yaani nyumba za ukoo mmoja zilizokaa pamoja, na mashamba ya mtama na karanga pande zote. Mama hakuwepo. Yeye na baba walishindwana, akarudi kwao upande wa Ziba, akaolewa na mtu mwenye ng'ombe, mimi nikaachwa kwa sababu mtoto huhesabiwa kwa baba. Baba naye alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Aliingia porini msimu mzima, akatoka ananuka moshi, akalala siku mbili tatu kwa mke wake mpya, akarudi porini.

Sikupigwa. Hili nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia habari za mtoto asiye na mama, mbio wanakwenda kumtafuta mama wa kambo mwenye roho mbaya. Wangu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na watoto wake, na kazi, na mgongo unaouma. Mimi nilisahauliwa tu. Mji wetu ulikuwa na majiko matatu: la mke wa baba, la mke wa baba mkubwa, na la shangazi ambaye alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachika. Kila mama alipakua kwa wanawe. Nikipita jiko la kwanza, husema, huyu keshakula kwa shangazi yake. Shangazi husema, huyu nimemwona kwa mke wa kaka. Na mke wa baba mkubwa alikuwa na hakika kwamba nimeshiba kwa wote wawili. Wala hawakuwa waongo. Kila mmoja aliamini anachokisema, na angeweza kuapa. Kulala ilikuwa hivyo hivyo: nilijipenyeza penye nafasi, na asubuhi hakuna aliyejua nimetoka mlango upi.

Njaa nilikuwa naimudu. Kilichoniuma ni ile saa ya jioni mama wanapoita watoto. Tunacheza, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, mara sauti inatoka jikoni, inapita juu ya mtama, na mtoto anaitika "Bee!" halafu ananung'unika, "Ah, mama naye, mapema yote hii!" Ninyi hamjui nilivyoutamani ule mnung'uniko. Wakiisha kuitwa wote, nilibaki na kopo letu la kuchezea, nikiling'arisha kwa mchanga ili nionekane nina shughuli.

Mtu pekee aliyeniuliza habari zangu ni babu, na yeye alikuwa amekwisha kuwa kipofu nusu. Alikaa kwenye kigoda chake uani, amevaa kofia kuukuu, fimbo magotini. Mtoto yeyote akipita karibu alimshika kichwa, akampapasa, akauliza, "Huyu wa nani?" Mama wa mtoto anajibu kutoka huko aliko, "Wangu, baba!" Nami nikishikwa nilijijibu mwenyewe, "Ni mimi, babu." Hapo husema "Ahaa," ananimegea kipande cha viazi vya kukausha kutoka mfukoni mwa koti. Vilikuwa na nyuzi za mfuko na vumbi la ugoro. Nilivila.

Babu alikufa mwaka uliofuata Uhuru, na msiba wake ndio ulionitoa Kigwa.

Vijana wa sasa utani mnaujua kwa kurushiana maneno kazini, basi. Wa kwetu na Wazaramo ulizaliwa njiani. Wazee wetu walishuka pwani na pembe na nta vichwani, babu yangu akiwa miongoni mwa vijana wa misafara ya mwisho mwisho. Wakafika Uzaramo wamechoka, wana njaa, wakagombana na wenyeji, wakapatana, wakauguzana, wakazikana. Toka hapo Mzaramo akimwona Mnyamwezi lazima amchokoze, na hakuna wa kununa. Na ikitokea maiti, mtani ndiye mwenye ruhusa. Atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, atanyakua sufuria jikoni. Anaweza kuteka kitu chochote, hata mtu, na wafiwa hawakipati mpaka wakikomboe. Tena humwambii kitu.

Babu alikuwa na mtani wake Tabora mjini, mke wa mnyapara wa genge la reli. Wote wawili mke na mume walikuwa Wazaramo, watoto wao wakubwa wako pwani, wao wanakaa kwenye kota za reli. Babu alikuwa akiwapelekea asali. Mumewe siku ile alikuwa kazini, kwa hiyo mama yule alikuja peke yake na treni. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Yuko wapi kibabu yule? Mpaka saa hizi amelala? Mwamsheni bwana, mtani wake nimefika!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, kamasi bado zinawatoka. Akaingia uani, mwanamke mfupi mnene, kanga mbili, sauti ya kuamsha mtaa. Akamsalimia kila mtu kwa tusi linalomfaa. Akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya babu na koti la babu, fimbo mkononi, akaketi kwenye kigoda na kukohoa kile kikohozi chake hasa. Lo! Shangazi alijishika mbavu.

Ndipo akaanza kutuita watoto. Alimshika wa kwanza kichwa, akampapasa macho kayafumba, akauliza kwa sauti ya babu, "Huyu wa nani?"

"Wangu, baba!" akajibu mke wa baba mkubwa, akicheka na kulia.

"Na huyu wa nani?"

"Wangu!" akajibu mke wa baba.

Akaenda hivyo mpaka akanifikia mimi. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto. "Huyu wa nani?"

Kimya. Si kimya kibaya. Kila mama alikuwa anamngoja mwenzake ajibu. Nilimwona shangazi akimtazama mke wa kaka yake, na mke wa kaka yake akimtazama mke wa baba mkubwa, na huyo akiangalia sufuria. Baba hakuwepo, alikuwa hajapata habari huko porini. Mtani akarudia, "Nauliza, huyu wa nani?" Safari hii sauti ya babu ilikuwa imemponyoka, ilikuwa ni yake mwenyewe. Akafumbua macho akaniangalia. Ningeweza kujijibu kama siku zote, lakini niliona haya mbele ya watu, nikatazama miguu yangu.

Akasimama. Akavua kanga yake ya juu, akaipitisha kiunoni mwangu, akafunga fundo, akapiga kigelegele. "Nimeteka! Watani zangu, nimeteka! Huyu hana mwenyewe, naondoka naye akanitwangie. Anayemtaka anifuate Tabora na kuku. Kuku mweupe, tena wa kutaga, msiniletee kuku wenu wenye kideri!"

Ua mzima ukalipuka. "Mchukue! Mchukue, anakula huyo!" Jioni nikapanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimefungwa kanga, nimeshikwa mkono. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nilijua jinsi utani unavyokwenda: nimetekwa, kwa hiyo lazima mtu aje kunikomboa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kwetu aliyelazimika kunitafuta.

Mumewe alikuwa mrefu, mweusi tii, mchache wa maneno mpaka inatisha. Alinikuta nimekaa sakafuni jikoni. "Nani huyu?" akauliza. Mkewe akajibu, "Mateka." Akanitazama, akachukua birika akaenda kutawadha. Nikajua hanipendi. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini na kigoda kidogo cha mninga, bado kinanukia randa, akakiweka karibu na jiko, kando ya viwili vilivyokuwepo. Hakusema cha nani. Mimi nilikizunguka mpaka mkewe aliponifokea, "Kaa basi! Au unangoja upigiwe ngoma?"

Hivyo nikaanza kazi yangu ya kumngoja kuku. Kila treni ya pwani ilipoingia nilikimbilia kwenye uzio wa stesheni. Sasa niambie, nani asafiriye kwa treni ya bara bila kuku? Wanashuka nao wamening'inia miguu juu, wamefungwa kwenye tenga, wamechomoza shingo kwenye kikapu. Kila aliyeshuka na kuku mweupe, moyo wangu ulikwenda naye mpaka getini. Mama mmoja nilimfuata hadi sokoni, nimeshikilia kwamba ni shangazi, na hata urefu hawakulingana. Nikirudi, mtani ananiuliza, "Vipi, mateka, hawajaja?" Nasema, "Treni ilikuwa imejaa sana." Anasema, "Ndiyo, ilijaa. Njoo ule."

Jina langu hakuliita kamwe. Watu wa pwani neno mwanangu wanalimwaga ovyo, anaambiwa mpaka muuza mkaa, lakini mimi niliitwa Mateka tu. Nami nilimwita Mtani. Jioni alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akapiga ukulele uliosikika mpaka ng'ambo ya reli: "Matekaa! Mateka weee! Wameleta kuku wako!" Mara za mwanzo nilikimbia kweli, roho iko mdomoni, nikakuta ugali wa mtama na mchicha wa nazi, nazi aliyoletewa na watu wa treni. Nilikasirika nikalia. Halafu nikazoea. Ikafika siku moja ananiita, mimi niko kwenye rede na watoto wa kota, nikajikuta nanung'unika kwa sauti, "Ah, Mtani naye, mapema yote hii!" Mpira ulinipiga mgongoni nikiwa nimesimama pale pale. Wenzangu wakasema nimetoka. Nilitoka, na sikujali.

Mvua zilipokaribia akaniambia anirudishe. Alinisuka, akanivisha gauni jipya, tukapanda treni. Sasa mtu akiniuliza siku ngumu kuliko zote maishani mwangu, naitaja ile, na hakuna aliyenifanyia ubaya wowote. Tulifika Kigwa, tukakaribishwa kwa vigelegele, watani wamefika. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa.

"Nimekuja na mateka wenu," Mtani akasema. "Kuku wangu hamkuleta, mmekaa kimya, sijapata kuona Wanyamwezi wagumu namna hii."

Mke wa baba akashika mdomo. "Kumbe alikuwa kwako siku zote hizi? Mimi nilijua amechukuliwa na mama yake, Ziba."

"Mimi nilijua mke wa kaka amepeleka kuku," shangazi akasema, "nikasema basi, mtoto karudi."

Mke wa baba mkubwa, nakuambia kweli kabisa, alisema alikuwa ameniona kisimani juzi.

Wakacheka. Mtani naye akacheka, ila kile kicheko nilikuwa nimekwisha kukifahamu, kilikuwa cha mdomoni tu. "Haya. Nikimwacha leo, atalala wapi?" Shangazi akaonyesha kidole nyumba ya mke wa baba. Mke wa baba akaonyesha nyumba ya shangazi. Mimi nimekaa katikati kwenye mkeka na gauni langu jipya, namwomba Mungu mmoja wao aseme, njoo hapa. Yeyote. Ningemkubali hata yule wa kisimani.

Mtani akasimama, akavua kanga ya juu, akaifunga tena kiunoni mwangu, fundo lile lile. "Kuku sijapewa," akasema. "Mateka wangu naondoka naye. Na safari hii msipomkomboa namla!" Wakacheka tena, wakatujazia kikapu karanga kama mtani anavyostahili kujaziwa, wakatusindikiza mpaka stesheni wakiimba. Walikuwa watu wazuri. Hilo ndilo lilinishinda kulielewa.

Tulikuwa ndani ya behewa, tumeanza kuona mabati ya Tabora. "Umeona kuku walivyojaa uani pale?" akaniuliza. Nikasema nimeona. Weupe walikuwa wanne. Akanivuta nikalalia ubavu wake, akatazama dirishani, akawa anafuta uso kwa kanga ambayo ncha yake bado ilikuwa imenifunga mimi, kwa hiyo kila akijifuta nilivutika. Uzioni sikwenda tena.

Shule ilipofika, aliyenipeleka ni mumewe. Alivaa kanzu safi, tukasimama mstarini na wazazi wengine. Mwalimu akamuuliza yeye ni nani kwa huyu mtoto. Mzee akafikiri, kichwa kainamisha, nami nikawa nimeushika mkono wa kanzu yake nikiomba Mungu atamke lile neno. "Mtani wake," akasema. Watu wakacheka, mwalimu akacheka, nikapokelewa. Mimi nilikuwa na hasira naye mpaka tunarudi nyumbani. Nilitembea nyuma yake makusudi, napiga mawe kwa kiatu, kiatu chenyewe kanunua yeye. Alisimama mara mbili kuningoja bila kugeuka.

Nilisoma. Miaka ile Serikali ilitupigia sana kelele tusome, na ndani ya kota ile zilipigwa kubwa kuliko za Serikali. Njaa ilipokuja na unga wa njano, Mtani alikuwa akipakua kidogo kwake na kusema tumbo limejaa gesi. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba mateka wake sasa thamani imepanda, kuku hatoshi tena, waje na ng'ombe mwenye ndama.

Baba alikuja mwaka wa operesheni, watu wa Kigwa walipokuwa wanahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha. Walipomuuliza ana watoto wangapi ili wapimiwe kiwanja, alihesabu kwa vidole, akatua, akahesabu tena, ndipo nikamjia akilini. Akapanda treni siku ile ile. Alikuwa amezeeka, macho mekundu kwa moshi wa nyuki, na kwenye kikapu chake kulikuwa na viazi vya kukausha na kibuyu cha asali. Nilikichungulia kile kikapu. Mimi, mwari mzima niliyekaribia kuwa mwalimu, nilichungulia kama kuna kuku.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilijua shangazi yako alikwisha kukukomboa zamani."

Mtani alikuwa anapepeta mchele. "Kuku yuko wapi, mtani?" akauliza. Mchele ulikuwa unamwagika nje ya ungo, yeye aliyekuwa hapotezi punje. Baba akajipigapiga mifuko, akacheka, akasema atamleta safari ijayo. "Basi bila kuku haendi mtu," Mtani akasema, na sauti ikampanda juu kama ya kengele. Baba alikula, akashiba, akaniangalia sana, akasema nimependeza. Alikuwa anaona haya. Nilimsindikiza stesheni na nikampenda, nasema kweli, nilimpenda na kumsamehe kwa pamoja. Kuku hakumleta. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwa kuku yule ambaye hakuja.

Mtani aliugua nikiwa mwaka wa kwanza kazini. Tulimlaza hospitali ya Kitete, na wauguzi wakawa wanagombania kumhudumia kwa ajili ya mdomo wake. Siku moja, nikimpaka mafuta miguuni, nilimuuliza kwa nini hajawahi kuniita mwanangu, na wauza mkaa anawaita. Akanisonya. "Mwana wa mtu, wenyewe wangemtaka ningemrudisha," akasema. "Mateka sirudishi. Lete mguu wa pili." Alifariki wiki ile, asubuhi, baada ya kumtania daktari.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Waliposhuka ndugu zake wa pwani, wakatandika mikeka, wanawake wa Kizaramo wakaketi kama wafiwa. Mimi niende wapi? Kwa damu mimi ni Mnyamwezi, ni mtani. Wanyamwezi walipaswa kuja kuvaa kanga zake na kumuiga. Mkekani ni mahali pa wanawe. Kumwigiza nisingeweza, na kuketi mkekani sikuambiwa na mtu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniita. Nilikaa jikoni kwenye kigoda changu cha mninga siku zote za matanga, nikichochea moto usiohitaji kuchochewa. Wale wa mikekani walidhani nimekaa na watani, na watani walidhani nimekaa na wafiwa. Nilijua kabisa nimefika wapi. Nilikuwa nimerudi Kigwa.

Siku ya kuanua matanga, baada ya dua, watani wakaingia. Walikuja kwa treni kutoka kijiji kipya, na aliyewaongoza ni shangazi yangu, sasa mzee, hana meno. Alichukua kanga za Mtani akajifunga, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akapiga ukulele: "Matekaa! Mateka weee!" Wazaramo wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekwisha simama kuitika. Miguu ilisimama yenyewe. Nikatoka mlango wa jikoni nikiwa nalia kama mtoto, na shangazi akaniona.

Akaja mbio za kizee, akanizungushia kanga kiunoni, akafunga fundo. "Tumeteka!" akapiga kelele. "Watani, tumeteka mtoto wa Wazaramo! Huyu wa nani? Mwenyewe ajitokeze na kuku!"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha. Ndugu wa pwani walitazamana. Wengine walikuwa hawanijui. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nimesimama katikati ya ua, mwalimu mzima, kanga ya marehemu kiunoni, na nilikuwa nakijua kile kimya mwanzo wake hadi mwisho wake. Aliyekuwa anakivunja alikuwa kaburini.

"Huyu wa nani?" shangazi akarudia.

Upande wa wanaume, mzee, mume wa marehemu, alinyanyuka kwenye jamvi. Alinyanyuka taratibu, magoti yalikuwa yanamsumbua tangu astaafu. Akapita mbele yetu bila kututazama, akazunguka nyuma ya nyumba, tukasikia banda la kuku linafunguliwa, halafu vurugu, mabawa, ndoo inaanguka. Kijana mmoja akataka kwenda kumsaidia, akafokewa huko huko. Alirudi kanzu imechafuka kifuani, kofia haipo, manyoya kwenye ndevu, ameshika kwa mikono miwili tetea mweupe wa mkewe, yule aliyekuwa akitagia jikoni.

"Wangu," akasema.

Shangazi akampokea kuku, akampima mkononi, akabinua mdomo kama utani unavyotaka. "Mbona mwepesi?"

"Sema unachotaka, nitaongeza," mzee akasema. "Nirudishie mwanangu."

Akainama kulifungua fundo. Vidole vilivyofunga na kufungua boliti za reli maisha yake yote vilishindwa na fundo la kanga, ikabidi nimsaidie, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaona vizuri. Lilipolegea, akanipukuta manyoya begani, manyoya yaliyotoka kwake.

"Umekaa jikoni siku zote hizi unafanya nini?" akaniuliza. "Mama yako amekufa. Ingia ndani ukae na wenzako."

Nikaingia. Wanawake wa Kizaramo wakasogea, nikaketi mkekani katikati yao, mmoja akanifunika kichwa kwa kanga, nikamlilia mama yangu.